Pete Iliyoelea

Maabarani walimwita Mama Pete, ingawa vidole vyake havikuwahi kuvaa pete hata siku moja. Jina lilitokana na makala ya kurasa nne aliyoiandika miaka ishirini na sita nyuma, kuhusu saratani adimu ya tezi ya mate. Katika picha yake ya pili seli za zambarau zilishikana zikafanya duara, kama watoto wanaocheza kwenye uwanja wa rangi ya waridi. Watafiti wenzake walikuwa wameinukuu makala hiyo mara mia nane na kumi na mbili. Hesabu hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake, mwalimu mstaafu, aliyejifunza kutumia simu kwa ajili hiyo tu.

"Wameongezeka wawili, mwanangu," alimwambia asubuhi hiyo kabla ya chai. "Mmoja jina lake nimeliacha, nisije nikateguka ulimi."

Akafika kazini na wawili wake moyoni, akakuta barua ya mwanafunzi wa chuo cha mbali. Msichana huyo alikuwa ametafuta pete kwenye vioo vya hadubini vya wagonjwa sabini, miaka miwili, asiione. Msimamizi wake alimwambia huenda hana jicho la kazi hii, naye alikuwa ameanza kuamini. Je, Profesa angeweza kumkatia kipande kutoka kwenye bloku ile ile ya picha, aione pete walau mara moja kabla hajaacha masomo?

Mama Pete akaitoa bloku ghalani, kidonge cha nta chenye nyama ya mgonjwa ndani yake, akampelekea Fundi, mkata vipande wa maabara. Tangu siku yake ya kwanza pale, hakuna mwingine aliyewahi kumkatia.

"Kumbe huyu bado yupo," Fundi akasema, akiipuliza vumbi. "Nitakukatia chembamba, Dokta, mpaka kivuli chake kikose pa kukaa."

Utepe wa nta ukashuka kutoka kwenye kisu, akaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ndani ya beseni. Mikunjo ikajinyoosha yenyewe. Mama Pete alipenda kutazama hapo kuliko popote. Ilikuwa kama maji yamelala, na vile vipande ndivyo ndoto zao.

Chini ya hadubini, waridi tupu, pete hakuna. Kipande cha pili, waridi. Fundi akakata kumi, akakata ishirini, na utani ukamwishia njiani. Mwishowe akaleta daftari la zamani. Siku ile ya picha, kabla ya bloku hii, alikuwa amekata uvimbe wa shingo wa mgonjwa mwingine kabisa. Wakakitafuta kioo chake. Zilikuwamo pete tele, zimejaa kama mapovu ya sabuni.

Chembe moja ya uvimbe ule ilikuwa imebaki majini, ikaelea, ikajilaza juu ya kipande kilichofuata.

"Sikupangusa maji," Fundi akasema.

"Na mimi nilikuwa nimekusimamia mgongoni nakuharakisha."



"Dokta, umebakiza miezi mitatu ustaafu. Mwambie bloku imekwisha. Nani atakuja kuuliza tena?"

Mama Pete aliinamia hadubini, na mbele yake akawaona wote mia nane na kumi na mbili, wameinamia hadubini zao katika chumba kimoja kisicho na kuta, maji ya uvuguvugu yakiwafika magotini. Wengi walikuwa wamemnukuu kwa sababu waliikosa pete. Wakaandika kwa adabu kwamba pengine vioo vyao vilikuwa vichache. Mwishoni kabisa alisimama msichana, anajifuta macho, anatazama tena.

Siku hiyo hiyo akaliandikia jarida liiondoe makala. Fundi akasoma juu ya bega lake.

"Sijaona jina langu."

"Sitaki kukuchafua."

"Miaka yote hujaniweka kwenye makala hata moja, na hii uninyime?"

Mama Pete akacheka, machozi yakimlenga, akaliandika jina la Fundi kando ya lake. Kisha akamwandikia msichana. Alianza hivi: *Macho yako ni mazima.*

Nyumbani, baba yake alisikiliza mpaka mwisho, simu imelala gotini.

"Kwa hiyo ile hesabu yangu?"

"Haitafutika, baba. Lakini walikuwa wananukuu chembe iliyopotea njia."

Asubuhi nyingi zikapita mzee akinywa chai bila kutaja idadi, na kimya hicho kilimuuma Mama Pete kuliko barua zote za wenzake.

Miezi minane baadaye, akiwa ameshastaafu, alimkuta baba yake mezani amevaa miwani.

"Kuna mmoja," baba akasema. "Amenukuu ile barua yenu ya kuiondoa makala. Kaandika kuhusu vioo sabini." Akaisogeza simu karibu na uso, akalisoma jina la msichana polepole, silabi kwa silabi, mpaka likamkaa vizuri mdomoni. "Hili nimelifanyia mazoezi tangu alfajiri."

Kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari lake la hesabu, akaandika moja.