Gari Lililomlilia Rubani

Rubani hakuwahi kurusha ndege maishani mwake. Jina hilo alipewa na dada yake, kwa sababu kila akiingia garini hurekebisha kola, hunyoosha mabega, kisha hurudi rivasi kwa mkono mmoja huku mwingine ukining'inia dirishani kana kwamba hauna habari na kinachoendelea. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisambaza mashuka na taulo za hoteli kutoka kwenye kiwanda chao kidogo cha kufulia, na muda wote huo alikwangua ukuta mara moja tu. Hata hiyo mara moja, yeye hushikilia kwamba ukuta ndio uliomfuata.

Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Mashuka, ndiye aliyesimamia kila kitu kingine: mashine, sabuni, wapigaji pasi, na simu za wateja waliotaka taulo zao jana. Leseni ya udereva alikuwa nayo, lakini ilikuwa imelala kwenye droo pamoja na vifungo vilivyodondoka kutoka mashati ya watu. Hakushindwa kuendesha. Alishindwa kumvumilia mumewe, ambaye akikaa kiti cha abiria huvuta pumzi kwa meno kila penye kona, na mguu wake wa kulia hukandamiza sakafu kutafuta breki isiyokuwepo.

Gari la zamani lilipokata roho, wakanunua jingine, jeupe, lililotumika kidogo. Lilikuja na skrini katikati ya dashibodi, sensa nne mbele na nne nyuma za kumwonya dereva akikaribia kitu, kompyuta ya kuhesabu safari, na funguo mbili. Rubani alilizunguka mara tatu, akagonga bampa kwa kidole, halafu akatoa hukumu mbele ya dada yake na wateja wawili waliokuja kuchukua mapazia.

"Hili gari lina akili nyingi. Bora niliendeshe mimi peke yangu. Mwanamke na rivasi tu ni shughuli, sembuse na milio yote hii. Mtachanganyikiwa."

Mama Mashuka alitabasamu, akaendelea kukunja foronya. Wifi yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa pasi, alilifahamu tabasamu lile. Akazima pasi kabisa, asije akaunguza kitu.

Ndani ya gari kulikuwa na kitabu kinene cha maelekezo, na Rubani alikuwa amekwisha kukiweka chini ya godoro ambalo taulo safi hupangwa juu yake, ili lisibonyee. Mama Mashuka alikichomoa. Kila mchana, mashine zikizunguka na mumewe akipumzika nyumbani, alikaa kwenye kiti cha dereva uani na kusoma ukurasa mmoja, akibonyeza kitufe kimoja. Siku ya nne alimwita wifi yake kwa kidole.

"Wifi, njoo uone. Gari hili linakumbuka madereva wawili. Ukiwasha kwa ufunguo namba moja linafuata mipangilio ya namba moja. Ukiwasha kwa namba mbili, linafuata ya namba mbili."

"Na kaka anatumia upi?"

"Namba moja. Angekubali namba mbili yeye?"

Wifi akaingia, akafunga mlango taratibu. Mama Mashuka akamwonyesha kwenye skrini. Sensa zilikuwa na hatua tatu: zianze kulia kitu kikiwa karibu, kikiwa wastani, au kikiwa mbali. Sauti ilikuwa na ngazi saba.

"Ya kaka weka mbali," wifi akasema.

"Sauti je?"

"Miaka hamsini na mbili yule. Mwekee saba, asije akakosa kusikia."

Mlio nao ulikuwa wa kuchagua. Kulikuwa na kengele ya upole, kulikuwa na kitu kama tone la maji, na kulikuwa na mlio wa tatu, ambao Mama Mashuka aliujaribu mara moja tu na paka akaruka kutoka juu ya tangi. Huo ndio waliouwekea ufunguo namba moja. Mwisho wakakuta ukumbusho wa mapumziko: dereva akiendesha muda fulani, skrini humwonyesha picha ya kikombe na kumuuliza kama amechoka. Muda wa kawaida ulikuwa saa mbili. Wakaushusha hadi nusu saa. Ufunguo namba mbili wakauwekea kengele ya upole, karibu, ngazi ya pili.

Asubuhi iliyofuata Rubani alirekebisha kola, akanyoosha mabega, akaweka rivasi. Ukuta ulikuwa mbali kiasi cha kuweza kupitisha ng'ombe katikati. Gari likapiga ukelele. Rubani akakanyaga breki, akashuka, akazunguka nyuma, akainama kuangalia chini ya gari. Hakukuwa na kitu. Akapanda tena, likalia tena.

"Umegonga nini?" mkewe aliuliza kutoka dirishani, uso umetulia kama maji ya mtungi.

"Sijagonga kitu."

"Mbona linalia hivyo?"

Baadaye siku hiyo mteja alitaka kupita, na Rubani alikuwa bafuni. Mama Mashuka alichukua ufunguo wake namba mbili, akalirudisha gari mpaka shibiri mbili kutoka ukutani, na gari likasema ting, ting, kwa adabu. Rubani alitoka na sabuni sikioni, akasimama kushangaa.

"Limekuzoea wewe," dada yake alimwambia mkewe kwa sauti ya kusikika. "Magari nayo yana watu wao."

Wiki mbili zilipita hivyo. Kwenye lango la nyuma la hoteli kubwa, mlinzi alizoea kutoka kibandani kila gari jeupe lilipoanza kupiga kelele, na wapishi nao walitoka na miiko mikononi kushuhudia. Mkono wa dirishani ulirudi ndani. Sasa Rubani alishika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayebeba beseni lililojaa. Na kikombe kilimfuata kila mahali.

"Mke wangu," alisema siku moja wakila, "mimi naonekana nimechoka?"

"Kwani nani amesema?"

"Gari."

"Basi jaribu kulala mapema," alijibu kwa huruma, halafu akaenda jikoni kufuata chumvi ambayo tayari ilikuwa mezani.

Ilikuwa Alhamisi Mama Mashuka alipoona jambo asilolipanga. Alikuwa na desturi mpya ya kusoma kompyuta ya safari gari linaporudi, kwa kupenda tu kujua. Skrini ilimwambia kwamba safari ya mwisho ilikuwa ya kilomita tano, iliyochukua saa moja na robo. Mwendo wa wastani: kilomita nne kwa saa.

Alimwita wifi yake. Wakaitazama ile namba.

"Mtu anaendaje kilomita nne kwa saa na gari zima?" Mama Mashuka aliuliza. "Mimi na mguu wangu huu mbovu namshinda."

"Alisema alikuwa wapi?"

"Alisema hotelini, anasubiri wahesabu taulo."

"Hotelini angekuwa amezima gari." Wifi alifikiri. "Kama ni mwanamke, wifi, basi anamsindikiza sokoni, yeye anatembea na kaka anafuata nyuma."

Walicheka, lakini Mama Mashuka alicheka kidogo kuliko alivyozoea. Alhamisi iliyofuata, Rubani alipoondoka baada ya chakula cha mchana, mkewe alichukua pikipiki ya kukodi na kumwambia dereva wake alifuate gari jeupe bila kulikaribia.

Halikwenda mbali. Liliingia kwenye uwanja wa kiwanda cha viatu kilichofungwa zamani, mahali penye saruji iliyopasuka na majani yaliyoota kwenye nyufa. Mama Mashuka alishuka, akachungulia kwenye tundu la ukuta.

Mumewe alikuwa ameshusha ndoo nane za kufulia, akazipanga mistari miwili, na ndani ya kila ndoo amesimamisha fagio. Kisha akapanda garini na kuanza kurudi nyuma katikati yake, polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Gari likapiga kelele. Akasimama, akashuka na futi ya fundi cherehani, akapima kutoka kwenye bampa hadi kwenye ndoo. Akapima tena. Akatazama ile futi, akalitazama gari.

"Mita moja na nusu," alililalamikia, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Sasa hapa unalia nini? Nimekukosea nini?"

Alipanda tena. Alirudia mara sita Mama Mashuka akimwangalia. Mwanzoni mkewe alijiziba mdomo kwa kicheko mpaka dereva wa pikipiki akamuuliza kama anaumwa. Kufikia mara ya nne kicheko kilikuwa kimekwisha. Mumewe alikuwa ametoa kitambaa na kupangusa sensa za nyuma moja baada ya nyingine, kwa makini, kama mtu anayefuta pua ya mtoto mgonjwa. Mama Mashuka akaomba arudishwe kazini.

Jioni kabla ya kufunga, Rubani alikuja akakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Nimefikiria," alisema. "Kuanzia wiki ijayo gari uendeshe wewe. Macho yangu yameanza kunitupa. Mita moja na nusu naiona mita moja na nusu, gari linasema nimefika. Jumatatu nakwenda kupimwa."

Dada yake alinyanyua rundo la taulo, akalishikilia mbele ya uso wake na kuondoka nalo. Mama Mashuka alibaki ametazama mikono yake. Alichoweza kusema ni, "Kesho nitakusindikiza hotelini."

Asubuhi aliwahi kabla ya mumewe, akafungua mipangilio ya ufunguo namba moja na kurudisha kila kitu: karibu, ngazi ya pili, kengele ya upole, mapumziko saa mbili. Aliona amelimaliza jambo kimyakimya na hakuna atakayejua.

Kichochoro cha nyuma ya hoteli siku hiyo kilikuwa kimebanwa. Upande mmoja mapipa ya taka, upande mwingine lori la nyama, na katikati nafasi ya kuingiza gari moja lisilo na makuu. Rubani aliweka rivasi. Akasogea. Gari kimya. Akasogea tena, shingo imekaza, akisubiri. Kimya. Akakanyaga breki.

"Halijalia," alisema.

"Si vizuri?"

"Hapa hulia kila siku. Leo limenyamaza." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ama sensa zimekufa, ama masikio nayo yamefuata macho."

Nyuma yao lori la mboga lilipiga honi. Mlinzi alitoka kibandani, akashangazwa na ule ukimya, akaja kuuliza kama gari limeharibika. Wapishi walijitokeza mlangoni. Rubani hakusogea hata kidole.

"Baba," Mama Mashuka alisema, "macho yako hayana tatizo. Ni mimi."

Alimweleza yote, tangu siku ya mwanamke na rivasi. Aliongea huku akitazama mapipa. Mumewe alimsikiliza huku akitazama mbele, na honi ya lori la mboga ikiwasindikiza.

"Sauti ilikuwa ngazi ya ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Saba."

"Kati ya?"

"Saba."

"Na ule mlio?"

"Kulikuwa na mingine mizuri."

"Na kikombe?"

"Kikombe pia."

"Dada anajua?"

"Saba ni yake."

Rubani alizima gari, akashuka, akafungua mlango wa mkewe. "Zunguka," alisema. "Paki wewe."

Mama Mashuka alitaka kukataa, lakini kichochoro kizima kilikuwa kinamtazama. Akakaa nyuma ya usukani, akasogeza kiti, akawasha. Mumewe alisimama nyuma, mikono kifuani, bila kuelekeza kwa kidole wala kuvuta pumzi kwa meno. Mkewe alirudi, akanyoosha, akarudi tena, na mara ya tatu gari likakaa kati ya lori la nyama na mapipa kama shati ndani ya kabati. Rubani akatoa futi mfukoni, akachuchumaa, akapima.

"Sentimita thelathini na nane," aliwatangazia wapishi. "Huyu ni mke wangu."

Kurudi aliendesha mkewe. Walikuwa wamefika mzunguko wa barabara kuu, pale magari yalipobanana, Rubani alipoanza kutikisika mabega. Mkewe alidhani analia. Alipomgeukia, aliona anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, na hakuweza kusema neno zaidi ya "kikombe" mpaka walipofika.

Dada yake alinuniwa siku mbili kamili. Rubani aliongea naye habari za mashuka tu, na hata hizo alizituma kupitia mkewe.

Jumatatu alikwenda kupimwa macho hivyo hivyo, kwa kuwa miadi alikwisha kuichukua. Mpimaji alimwambia kwamba vya mbali anaviona kama tai. Vya karibu ndivyo havioni. Akarudi na miwani ya kusomea puani, akaenda moja kwa moja chini ya godoro la taulo, asikute kitu. Mkewe akampa kitabu mkononi.

Tangu hapo Mama Mashuka anaendesha Jumanne na Alhamisi, na siku hizo Rubani husimamia mashine. Lakini amani haijapatikana, kwa sababu sasa Rubani anasoma. Anasoma wakinywa chai, anasoma foleni ya petroli, anasimama karibu na pasi za dada yake na kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili," alisema jana, akisogeza miwani. "Hapa wanaeleza vipangusio vya kioo. Kumbe vina kasi nne. Mlikuwa mnajua?"

Akalowesha kidole, akafungua ukurasa unaofuata.