Pua ya Shemeji

Wengine hula kwa jasho. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikula kwa pua. Alisimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli kubwa mpaka nywele zikawa nyeupe, na wageni walimngoja anuse kwanza ndipo wanywe. Walimwita Bwana Pua, naye hakukasirika. Akastaafu nayo, tukajua atazikwa nayo.

Juzi hoteli ikamwita tena. Meneja mpya alitaka Jumamosi alasiri awaonjeshe wageni wiski ya Uskochi, ile ya shayiri tupu, iliyolala miaka ndani ya pipa lililotangulia kuwa na mvinyo mtamu uitwao sheri. Wageni wakifurahi, ataitwa kila mwezi. Basi akaja kwangu na chupa kwapani, shati limepigwa pasi mpaka lingeweza kukata nyanya.

"Shemeji, nimekuja kukufundisha kunywa."

"Kunywa alinifundisha kaka yako. Wewe nifundishe kuacha."

Nilikuwa nimebandika vitunguu jikoni. Akamimina kidogo, akainua glasi dirishani. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika.

"Usitikise kama dawa ya kikohozi. Fungua mdomo kidogo, unuse taratibu." Akatumbukiza pua, akafumba macho. "Aaa. Zabibu kavu."

Vitunguu vyangu vilikuwa vimeshaungua. Moshi ukaingia sebuleni, nikakohoa, jirani akaita ukutani, "Mama, unachoma nyumba?"

"Na karafuu kwa mbali," akasema shemeji, macho bado kayafumba.

Nikaenda kuzima jiko, nikarudi kukaa mbele yake.

"Shemeji, pua iko wapi?"

Akafumbua macho, akauona moshi. Mabega yakamshuka.

"Yale mafua. Yalipoondoka, yaliondoka nayo."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema huenda ikarudi."

"Hata mume wa jirani huenda akarudi."

Hakucheka. Akanisogezea glasi. "Nusa wewe, uniambie, nikariri. Wameniita, shemeji. Nisipokwenda, mimi ni mzee wa kufukuza nzi tu."

Hapo utani ukanikwama kidogo. Nikanusa. Akaniongezea tone la maji kwa kijiko, akasema maji huifungua, nami nikaona kweli imefunguka kama mtu mwenye haya aliyesalimiwa kwa jina. Nikamtajia: zabibu kavu, zipo. Karafuu, ipo. Keki ya matunda iliyofungiwa kabatini. Mbao zilizotoka kupigwa randa.

"Na soksi za kaka yako akitoka kazini."

"Shemeji!"

"Haya, sema ngozi ya kale."

Akakariri midomo ikicheza, kama mtoto wa darasa la pili. Nikamwangalia, shetani wangu akaamka.

"Na tango," nikasema.

"Tango?"

"Lililomenywa."

Jumamosi nikakaa meza ya nyuma na leso yangu. Wageni walikuwa watu wa tai na manukato. Shemeji alisimama wima, akanusa, akafumba macho, akataja kimoja kimoja. Zabibu, vichwa vikatikisika. Ngozi ya kale, vikatikisika zaidi.

"Na mwisho kabisa, tango lililomenywa."

"Kweli kabisa, tango!" akasema bwana mmoja mwenye miwani, akanusa tena kuhakikisha. Jirani yake akasema yeye alilisikia tangu mwanzo. Nikaziba mdomo kwa leso.

Ndipo mama mmoja wa meza ya mbele, daktari wa meno, akauliza, "Na ile ladha inayobaki kooni ukishameza, wewe unaisikiaje?"

Huko hatukufika siku ile kwangu. Shemeji akanitazama. Nikafumbua mdomo nimwokoe, akatikisa kichwa.

"Mama, sijui," akasema. "Pua yangu imekufa. Haya yote nimekaririshwa na shemeji yangu yule pale nyuma, na hilo tango nadhani amenitania."

Bwana wa miwani akajificha nyuma ya glasi. Meneja akakunja uso.

"Basi nitakuambia mimi," akasema daktari wa meno. "Linabaki ganda la chungwa."

Shemeji akamgeukia kwa haraka. "La nje, au ule weupe wa ndani?"

"Weupe."

"Eeh, na uchungu wake. Kisha unakauka au unarudi utamu?"

"Subiri." Akanywa tena. "Unarudi!"

"Mimi haurudi," akadakia mwingine, na ugomvi mtamu ukaanza. Shemeji akapita meza kwa meza akiuliza, akichokoza, akimtuma mtu anywe tena asikilize vizuri. Meneja akakunjua uso, akaashiria chupa nyingine ifunguliwe.

Akanifikia.

"Nawe, shemeji? Bila tango."

Jibu la kuchekesha nilikuwa nalo ulimini. Nikanywa kwanza. Funda likashuka polepole, likakaa kifuani, halikutaka kuondoka.

"Ni kama kitanda," nikasema. "Mtu kaamka sasa hivi, nawe ukapitisha mkono pale alipolala. Hayupo, lakini shuka lina joto."

Wageni wakacheka, maana walishaniweka kwenye kundi la wacheshi. Shemeji hakucheka. Alikunywa kidogo, akaweka kiganja kifuani, akangoja.

"Hiyo," akasema, "naisikia."