Picha ya Sita

Paskalia alikuwa akipasua ulanga, lile jiwe la kung'aa, kwa kisu kifupi, akiubandua utando kwa utando kama mtu anayemenya kitunguu. Vipande safi vyenye kupitisha mwanga alivitia kikapuni. Wapagazi wangevishusha mpaka stesheni ya Morogoro viende Ulaya. Vyenye madoa alivitupa. Alianza kazi hiyo mwaka 1911, baada ya shimo la pili la machimbo kubomoka. Mume wake, Fransisko, na wenzake kumi hawakuonekana tena, na msimamizi, Mjerumani, akaamuru waandikwe watoro. Nafasi ya mtoro ilijazwa na mtu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana Felista, dada yake Fransisko, naye alikaa pale akipasua. Mume wake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale kumi.

Mwaka huohuo Bruda wa misheni aliletewa taa ya picha, sanduku la bati lenye taa ya mafuta ndani na kioo kinene mbele. Baada ya kuwaonyesha watu watakatifu, aliwaonyesha kisa cha wasafiri watano wenye kofia ndefu waliokwenda mwezini kwa chombo cha chuma. Picha zilichorwa kwenye vioo sita. Cha sita kilivunjika njiani kikipandishwa mlimani, hivyo hadithi iliishia pale chombo kilipotua na mlango kuanza kufunguka.

"Halafu?" Felista aliuliza.

Bruda alisema hajui. Hakuwahi kukiona.

Jambo hilo liliwakera wiki nzima. Walibishana kazini kama mwezini kuna maji, kama kuna watu, na kama wapo wanaamkiana vipi. Mwishowe Paskalia akaokota vipande vya ulanga vilivyotupwa, akachanganya masizi, manjano na ute wa yai, akaanza kuchora mwisho wa hadithi mwenyewe.

Fundi Stambuli, mshonaji aliyepanda kutoka mjini kushona mashuka ya misheni, alivitazama vile vipande kwa muda mrefu.

"Mama, chora vingi," alisema. "Kila kimoja kipishane kidogo na chenzake. Nikivishona kwenye utepe na kuuvuta upesi mbele ya taa, nadhani wasafiri wako watatembea."

Paskalia alichora arobaini. Stambuli akavishona kwenye utepe wa kaniki uliotobolewa madirisha madogo.

Jumapili baada ya misa, waliziba madirisha ya ghala kwa mablanketi. Bruda aliwasha taa, Stambuli akavuta. Ukutani, mlango wa chombo ulifunguka, wakatoka wanaume kumi na mmoja, vichwa wazi, sululu mabegani. Fransisko alikuwa wa tatu.

"Wifi, ulichora watano," Felista alisema.

"Nilichora watano."

Waliinua blanketi moja, wakaukagua utepe kwenye mwanga wa dirisha. Walikuwa watano, na kofia zao. Wakauvuta tena mbele ya taa, wakatoka kumi na mmoja. Stambuli alisema wanatembea vizuri kuliko alivyotarajia.

Tangu hapo kila Jumapili palikuwa na utepe mpya. Paskalia alichora ardhi tu, akawaachia wenyewe yaliyobaki. Watu wakajifunza kwamba udongo wa mwezini ni laini, majani hayaoti, na kuna kitu cha mviringo ambacho hupikwa na kuliwa kwa chumvi. Felista alitaka kujua kama kuna baridi. Alipomwona mume wake kifua wazi, akatulia. Fransisko alikuwa na kawaida ya kusugua goti kabla ya kukaa. Alilisugua. Paskalia hakuyaondoa macho ukutani, maana alitaka kuona atakaa wapi.

Jumapili ya tano wale wanaume walichimba shimo, wakalitegemeza kwa magogo. Mmoja akavaa kofia nyeupe kama ya msimamizi, akanyoosha kidole. Wengine wakayang'oa magogo na kuyapeleka kwenye shimo jingine. Udongo ukaporomoka. Wakalala chini wote, mwenye kofia akaivua, naye akalala. Kisha wakaamka, wakajipangusa, wakaenda kupika.

Paskalia alimwomba Bruda amwite msimamizi. Alikuja Jumapili iliyofuata na karani wake, akautazama utepe mara mbili.

"Ni wangapi?"

"Kumi na mmoja, bwana," karani alijibu.

"Wanafanya kazi?"

"Wanachimba, bwana."

"Basi si watoro. Andika wamehamishwa."

Paskalia alisimama. "Bwana, kama si watoro, sisi turudi nyumbani?"

Msimamizi alifikiri. "Wamehamishwa," alisema. "Nafasi zao hapa ziko wazi."

"Na magogo?" Felista aliuliza. "Umeona yalivyong'olewa."

"Nimeona. Wameigiza vizuri." Alimpa Stambuli mkono, akauliza kama huko mwezini kuna ulanga.

Wiki hiyo magogo ya shimo la tatu yaling'olewa yakapelekwa la nne, na wanawake wa wale kumi na mmoja wakaambiwa kwamba kuanzia Jumatatu wataingia la tatu kuchimba.

Jumapili walikutana ghalani kama kawaida. Wanaume wa mwezini walikuwa wakikanyaga udongo. Nyuma yao zilisimama nyumba kumi na moja ambazo Paskalia hakuzichora, na mbele ya kila moja walikuwa wanasawazisha mahali pa jiko.

"Wanatujengea," Felista alisema.

Stambuli alivuta polepole ili waone vizuri. Fransisko alipanga mafiga matatu mbele ya mlango, akasimama, akageuka upande wa Paskalia na kuonyesha kwa mkono, akiuliza kama hapo panafaa.

Paskalia aliinamisha kichwa pembeni, akapima kwa macho. Kisha akamwashiria asogeze kidogo, moshi usiingie ndani. Fransisko akasogeza.