Nusu Mita ya Mchanga

Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwangu, lakini mwavuli haukuwamo stoo. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Niliuweka mwenyewe Jumamosi, niliposhuka basi kutoka Cieza: mwavuli wa mistari ya buluu wenye kiraka, na viti viwili vya kukunja, changu na cha marehemu Ginés. Kwa miaka thelathini na moja mume wangu aliamka saa kumi na mbili kila asubuhi ya Agosti kwenda kuuchomeka mstari wa mbele, kabla watu wa Madrid hawajaujaza ufuo wa Águilas. Mimi nilifika saa nne na tikiti maji langu, nikakaa kama malkia. Agosti hii, ya kwanza bila yeye, nilisema nitaamka mimi.

Nikaenda ufukweni mikono mitupu. Mwavuli ulikuwa umesimama mstari wa mbele, umeinamia mashariki, vile vile alivyouinamisha Ginés. Chini yake viti viwili.

Mtu mwingine angecheka. Lakini wakati wa baridi nilisahau gesi wazi, mara moja tu, na tangu hapo binti yangu Caridad ananichunga kama maziwa jikoni. Aliniambia wazi: nikisahau kitu tena, nyumba ya Águilas inauzwa, nami nahamia kwake Murcia, chumba cha nyuma kinachotazama ukuta.

Hatua mbili kutoka kwangu alikaa Mzee Baldomero, mgane wa Lorca, chini ya mwavuli wake wa kijani. Huyu na Ginés waligombania nusu mita ya mchanga kila siku ya Mungu, mpaka mate yanawakauka.

"Mzee Baldomero, nani kachomeka mwavuli wangu?"

"Si wewe mwenyewe, shemeji?" Hakuinua macho kwenye gazeti. "Nimekuona."

"Umeniona mimi?"

"Alfajiri. Hata salamu hukunipa."

Nikakaa kwenye kiti changu. Niliogopa, nasema kweli. Caridad akapiga simu.

"Mama, mwavuli nani kakuchomekea?"

"Nimechomeka mwenyewe."

"Na mgongo ule?"

"Mgongo ni wangu, wewe unakuuma nini?"

Nikakata simu kwa aibu, kwa sababu sikujua kama nimedanganya.

Jumatatu ikawa hivyo hivyo. Jumanne pia. Usiku wa Jumanne nikamwaga unga wa kukaangia samaki mlangoni, ukuta hadi ukuta, nikalala. Asubuhi unga ulikuwa laini, hata mende hakupita. Nikachungulia dirishani: kule chini mwavuli umesimama! Basi si mimi, kichwa changu kizima! Nikacheza peke yangu hadi unga wote ukajaa nyumba nzima. Kisha nikasimama. Kama si mimi, ni nani? Ginés tulimzika Februari.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nikashuka, nikajibanza chini ya ngazi za jengo, karibu na stoo. Mlango wa nje ukafunguliwa. Akaingia Baldomero, mwavuli wake wa kijani begani, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua stoo yangu kama ya baba yake, akatoa viti.

"Mwizi!"

Viti vikamponyoka. "Shemeji! Utaniua, na moyo wangu huu!"

"Ufunguo umeutoa wapi?"

"Ginés alinipa. Siku moja yeye anachomeka miavuli yote miwili, siku inayofuata mimi. Miaka ishirini na mbili."

"Mbona mlikuwa mnagombana?"

"Tusingegombana mngeshtuka. Na mngejua tuna siku ya mapumziko, mngetutuma sokoni."

"Na siku isiyo zamu yake, aliamka kwenda wapi?"

"Kwenye ngazi za bandari. Anakula churro za moto, yale maandazi marefu ya sukari, anatazama boti zikirudi. Hapendi kusemeshwa."

Miaka ishirini na mbili, hata harufu ya hizo churro sikuipata! Nilikasirika, nikaona wivu, nikamkumbuka mume wangu, yote kwa wakati mmoja.

"Na ukaniambia umeniona mimi! Uongo wako ungeniuzia nyumba, Baldomero. Siku tatu nimejiona mwendawazimu!"

Akavua kofia. "Nilimwapia Ginés sitasema. Nisamehe, shemeji. Nilifikiri ukikuta mwavuli mahali pake, utabaki. Na wewe ukiondoka, mimi nikae na nani pale?"

Nikamnyang'anya mwavuli wa kijani.

"Leo zamu ya Ginés," nikamwambia. "Nenda kale churro."

Nilikwenda na kurudi mara tatu. Wa buluu ulisimama vizuri, wa kijani ukapinda, shauri yake. Saa nne, ufuo umejaa, akaja na sukari kwenye masharubu, akakaa, mikono magotini, hajui atazame wapi. Nikashika kiuno.

"We mzee! Kiti chako kimeingia kwangu nusu mita!"

Akafuta sukari kwenye masharubu. Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Nusu mita? Huna macho, mwanamke! Wewe ndiye umenijia!"

Watu wa Madrid wakageuka. Simu ikalia.

"Mama, kelele gani hizo? Na leo mwavuli nani kakuchomekea?"

"Nimechomeka mwenyewe," nikamwambia, "tena miwili. Hebu subiri kwanza, nagombana."