Sabato ya Alhamisi

SI MMOJA

TANGAZO
Sinagogi ya Nuru ya Milimani
Shughuli zijazo za jumuiya

Jumatatu: Somo la Torati baada ya sala ya asubuhi. Wanaume wafike mapema, si kama wiki iliyopita.
Jumatano: Kina mama kufua vitambaa vya meza na kuosha madirisha.
Alhamisi: Sabato.
Ijumaa: Sabato (ya kawaida).
Jumapili: Kupanda miti ya mwezi wetu wa Shevati nyuma ya choo. Kila nyumba ije na jembe lake.

Limetolewa na Mwenyekiti, Elkana Gathogo.

Rudia hapo kwenye Alhamisi. Usione haya. Hata Hadasa alirudia, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa hiyo nyumba.


SI WAWILI

Hadasa Nyawira, mjane, ndiye anayefagia sinagogi, anayekanda mkate wa kusuka wa Sabato, anayewasha mishumaa miwili na kufunika macho kwa viganja. Alipoliona lile tangazo mlangoni alidhani aliyelipiga chapa alikuwa amelewa. Tangu dunia iwe dunia, Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Haimsubiri mtu, wala haimtangulii mtu.

Akateremka hadi dukani kwa Elkana, kule anakouza mbegu na dawa za viazi. Elkana akamkaribisha kiti, akamweleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Marafiki wa ng'ambo wameomba filamu ya jumuiya ikiadhimisha Sabato. Wakipendezwa, watatujengea jiko na madarasa. Lakini siku ya Sabato hairuhusiwi kuwasha moto wala kuendesha mashine, kwa hiyo kamera haiwezi kuingia. Basi, itaingia Alhamisi. Mishumaa itawashwa, divai itabarikiwa, mkate utakatwa, watu watapeana salamu za Sabato. Siku moja tu mapema.

"Ni ya kuigiza, Mama Yoeli," akasema. "Mungu si mtoto, ataelewa."

Hadasa akainuka. Kilimpanda kichefuchefu, akadhani ni harufu ya zile dawa. Alipotoka nje, kwenye hewa safi ya baridi, bado kilikuwapo.

Ptuu.


SI WATATU

Ngoja nikueleze, wewe usiye wa huku.

Sisi hatuhesabu watu. Mbuzi huhesabiwa, magunia ya viazi huhesabiwa. Mtu ukimnyooshea kidole na kumpa namba unamwita balaa. Lakini kuna sala ambazo haziwezi kusemwa mpaka wanaume kumi wawe chumbani, na utajuaje kama wametimia? Basi tunasema si mmoja, si wawili, si watatu, tunamdanganya shetani kidogo, tunafika.

Katika sala hizo iko Kadishi. Ndiyo sala ya mwana kwa mzazi aliyekufa. Husemwa siku ya mazishi, na kila mwaka tarehe ya kifo inaporudi. Haimtaji marehemu hata kidogo, inamsifu Mungu tu, na wale kumi wanaitikia "Amina". Pasipo kumi, mwana anafumba mdomo wake na marehemu anakaa hivyo hivyo, hajaombewa.

Huku milimani tulikuwa na wanaume kumi na mmoja. Tulijiona matajiri. Mtu mmoja angeweza kuugua mafua na mbingu zisitikisike.

Wa kumi na mmoja alikuwa Asheri, mume wa Hadasa.

Mwaka sasa tangu afe. Kwa kalenda yetu, tarehe yake inaangukia Alhamisi. Inakwisha Alhamisi hiyo hiyo, jua likizama.

Alhamisi gani?

Ile.


SI WANNE

Akarudi dukani. Safari hii hakukaa.

"Mkate wenu nitaukanda," akamwambia Elkana. "Mishumaa yenu nitaiwasha. Lakini kabla jua halijazama mtasimama wote kumi, Yoeli amwombee baba yake. Kamera iwe imezimwa."

Elkana akaweka mkono kifuani. Akasema Asheri alikuwa ndugu yake. Akasema hata bila kuombwa angefanya hivyo. Akasema saa tisa wataanza, saa kumi watakuwa wamemaliza, jua bado liko juu kabisa. Alisema mengi, yule bwana. Kinywa chake hakina mlinzi.

Na Hadasa akamwamini, ndiyo. Usimcheke. Mwenye shida atafanyaje? Huyo ni wa kumi katika watu kumi. Huwezi kwenda kumtafuta mwingine sokoni.


SI WATANO

(Anasema Zakayo, dalali wa viazi, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa la jirani.)

Mimi nilialikwa tu. Mwenyekiti alikuja mazoezini akasema wanahitaji watu wa kujaza viti, wanaume kwa wanawake, wasafi. Tukapewa kofia ndogo za kuweka utosini. Yangu ilikuwa inateleza, nikaibana kwa pini ya mke wangu.

Tukaambiwa tukiona mkono umeinuliwa tuseme "Amina". Hiyo kwetu si kazi. Tukaisema kwa sauti nne, jengo likanguruma, hata yule kijana wa kamera akatikisa kichwa kwa raha.

Mzee Asheri nilimjua. Alikuwa ananiuzia viazi na hajawahi kuficha vibovu chini ya gunia. Nilipouliza mjane wake yuko wapi nimpe pole, nikaonyeshwa mwanamke aliyesimama karibu na mishumaa, ananitazama kana kwamba nimemkanyagia mkate.

Sikujua nimekosa wapi. Mpaka leo naona haya.


SI SITA

Kijana wa kamera aliitwa Fidelis, mtu wa mjini, mpole, mwenye adabu. Ubaya ni kwamba alijua kazi yake.

"Mama, washa."

Hadasa akawasha. Akazungusha viganja juu ya miale, akafunika macho, na hapo midomo ikamgoma. Baraka ya Sabato ina Jina la Mungu ndani yake. Jina halitajwi bure, na hapakuwa na kitu bure kuliko Alhamisi ile. Akasimama gizani nyuma ya vidole vyake, pua imejaa harufu ya rangi mpya na marashi ya wanakwaya, akaanza kunong'ona aina za viazi. Shangi. Tigoni. Sherekea. Akarudi mwanzo. Shangi.

Alipofunua macho, Fidelis alikuwa anapangusa chozi.

"Mama, hiyo sala imenigusa," akasema. "Tena, tafadhali. Nikuchukue kwa upande huu."

Tena vipi, nayo mishumaa imeshawaka? Hadasa akageuka atafute mingine. Maana mishumaa ya Sabato haizimwi. Inaachwa iwake mpaka ijifie yenyewe. Mama yake aliiacha, bibi yake aliiacha. Mwaka fulani pazia lilishika moto, Asheri akalizima kwa koti lake na bado mishumaa hawakuigusa.

Elkana akapita mbele yake, akaiweka kofia yake vizuri, akainama juu ya meza, akajaza mashavu.

Fuu.

Mate yakarukia mkate. Hadasa aliyaona yakimeta juu ya msuko alioshinda akiusuka asubuhi nzima. Moshi ukapanda kati yao wawili, na Elkana akatabasamu, akamwambia aendelee.


SI SABA

Tena.

Wote mseme salamu ya Sabato, mkiangaliana. Tena. Wewe wa kofia yenye pini, usitazame huku. Tena. Mzee, hiyo divai nyanyua juu zaidi, mwanga upite ndani yake. Vizuri. Tena.

Mkate ukakatwa vipande ambavyo havikuliwa, maana vilitakiwa vikatwe tena.

Yoeli, mwana wa Hadasa, alisimama karibu na dirisha tangu saa tisa. Hakuwa anatazama kamera. Alikuwa anatazama kilima, na jua linavyokisogelea. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Hadasa alimwendea Elkana mara ya kwanza, akaambiwa bado kidogo. Akamwendea mara ya pili, akaambiwa bado kidogo, na safari hii bila kutazamwa.

Tena.

Fuu.

Tena.


SI WANANE

Fidelis akasema imetosha, ndani amemaliza.

Hadasa hakungoja. Akafunga dirisha, akamwita Yoeli mbele, akawaambia wanaume wa sinagogi wajitenge na wageni. Wakajitenga. Jua lilikuwa limekalia kilima, jekundu, bado lote. Akawapitia kwa macho kutoka upande wa wanawake. Si mmoja, ndiye Yoeli. Si wawili, si watatu, ndio ndugu wawili wenye kinu cha unga. Si wanne. Si watano, mzee mmoja kiziwi. Si sita. Si saba. Si wanane. Si tisa.

Si

Si

Nyumba imejaa hadi mlangoni, kofia kila kichwa, na haina watu kumi.

"Yuko wapi?" akauliza.

Alikuwa nje langoni. Fidelis alikuwa ameona mwanga wa dhahabu juu ya bango la sinagogi, akataka Mwenyekiti asimame pale aseme maneno machache. Yoeli akatoka mbio. Kupitia mlango Hadasa akamwona mwanawe akimnong'oneza, akamwona Elkana, bila kugeuza uso kutoka kwenye kamera, akiinua kidole kimoja.

Ngoja.

Zakayo wa kwaya akamsogelea, kofia mkononi, akauliza kwa upole kama yeye hawezi kujaza nafasi hiyo moja, maana marehemu alimjua. Hadasa akatikisa kichwa. Asiye wa dini yetu hahesabiwi kati ya kumi, awe mwema vipi.

Kidole cha Elkana kilikuwa bado juu.

Kilima kikalimeza jua. Hakikutafuna.


SI TISA

Kundi la simu: NURU YA MILIMANI

Mwenyekiti: Jumuiya njema, shukrani kwa wote. Kazi imetoka safi sana. Mwanga ulikuwa wa dhahabu.
Mwenyekiti: Wanakwaya wameondoka na kofia zetu. Anayeishi karibu nao azikusanye.
Mwenyekiti: Kesho Sabato ya kawaida. Waliochoka wapumzike, jana na leo mmejitolea.
Mwenyekiti: Mama Yoeli, pole kwa ile ya mzee. Tutaipanga.

Tutaipanga! Kama kikao cha choo.

Ikafuata filamu fupi. Hadasa aliitazama kwenye simu ya Yoeli, na kinyaa kikamshika upya, kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Mwanamke mwenye kilemba cheupe anafunika macho yake, midomo inatetemeka kwa ibada, na ungeapa mbingu zimefunguka. Amina ikaja kama radi. Elkana anabariki divai huku amefumba macho, mcha Mungu kuliko Musa.

Nyuma kabisa, pembeni mwa dirisha, kijana mmoja amewapa mgongo wote.

Hadasa akaenda uani akatapika. Baadaye akasafisha, maana ndiyo kazi yake.


SI

Ijumaa. Ya kweli.

Aliingia sinagogi mapema peke yake, akatia komeo. Mkate wa jana aliwapa kuku. Mishumaa ya jana, ile iliyopulizwa, aliitupa, akaweka mipya. Akawasha, akazungusha viganja, akafunika macho, akaitaja baraka yote na Jina lake ndani. Alikuwa ameapa kwamba leo hawaingii. Wapumzike, si wamechoka? Wasali kwenye duka la dawa za viazi.

Hatua zikaja kokotoni.

Yoeli akamwita mama yake mlangoni, taratibu. Akasema kwamba alizunguka nyumba zote tangu asubuhi. Akasema sheria inaruhusu: tarehe ikikupita, Kadishi unaisema mara ya kwanza utakapowapata watu. Na amewapata.

Hadasa hakuondoa komeo. Alikumbuka mzaha wa Asheri, aliokuwa akiurudia kila walipopungukiwa mtu mmoja na kulazimika kumwamsha mlevi fulani aje kusimama ukutani. Musa tisa hawatoshi, Asheri alikuwa akisema. Wezi kumi wanatosha. Akicheka mpaka akohoe. Hadasa naye alikuwa akicheka, miaka yote hiyo, kwa sababu mwizi mwenyewe hakuwa na sura.

Nje, sauti ya mmoja wa ndugu wa kinu ikaanza kuhesabu, chini chini. Si mmoja. Si wawili. Alisikiliza namba zikipanda. Si sita. Alimjua kila mmoja kwa namna anavyokohoa. Si wanane. Si tisa.

Ikakoma hapo, wa kumi hakutajwa.

Hadasa akasogeza mdomo karibu na ubao wa mlango.

"Aliyepuliza mishumaa yumo?"

Mtu akasogeza kiatu kwenye kokoto. Nyuma ya Hadasa miale miwili ilikuwa imesimama wima, haitikisiki, na hakuna wa kuizima mpaka ijifie yenyewe.

"Nimo," akasema Elkana.

Sauti yake haikuwa ya kwenye filamu. Ilikuwa ndogo, imekauka, na Hadasa akaichukia hata hivyo. Angemfungulia, mate yale yangeitikia Amina ya Asheri. Asingemfungulia, Asheri angekaa hivyo hivyo, na Yoeli angebaki na mdomo wake umefumbwa kwa kosa la mama yake badala ya la Elkana.

Akaweka mkono kwenye komeo. Lilikuwa baridi.

"Hesabuni tena," akasema. "Tangu mwanzo."

Nje wakaanza. Si mmoja. Si wawili.