Kibao Juu ya Mlango wa Choo

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, na mtaa mzima ulijua kwamba nyumba yake ndiyo kongwe kuliko zote mkoani. Ulijua kwa sababu hakuupa nafasi ya kusahau. Mgeni alikuwa hajamaliza kuvua viatu, ameshaonyeshwa boriti za sebuleni.

Idara ya mambo ya kale ilipotangaza kwamba inatafuta jengo la zamani zaidi lililosalia, iliwekee kibao, Shangazi alipiga deki mara mbili na kumkataza mumewe, fundi cherehani mstaafu, kukaa sebuleni na fulana.

Akaja mtaalamu, binti mpole mwenye miwani. Alipapasa kuta, akakwangua chokaa, akapanda ngazi kuzitazama boriti. Aliposhuka alisema kwa adabu kwamba nyumba ilijengwa upya baada ya moto; boriti zile ni za juzijuzi tu. Shangazi alimgeukia mumewe kana kwamba ndiye aliyeuwasha moto huo. Kisha binti akaomba kwenda msalani, uani.

Alikawia huko hadi Shangazi akaanza kuitilia shaka chai yake. Aliporudi, macho yalikuwa yamemtoka.

"Mama, mkoa huu hauna jengo kongwe kuliko lile."

"Lipi?"

"Choo, mama."

Kibao cha shaba kikapigiliwa juu ya mlango wa choo. Mke wa mwokaji mikate, jirani aliyekuwa akijisifia nyumba yake vilevile, alikuja kutoa pongezi, akazitoa kwa sauti iliyofika njia panda. Shangazi akaacha hata kwenda sokoni.

Asubuhi moja kundi la wageni lilisimama uani, binti akiwaeleza ustadi wa wahenga, kumbe ndani yumo fundi cherehani. Mzee alivumilia weee, mwisho akakohoa. Wote wakaugeukia mlango.

"Endeleeni tu," alisema kutoka ndani. "Hata mimi hayo nilikuwa siyajui."

Shangazi, aliyekuwa akichungulia dirishani mwa jikoni, alicheka hadi akashika meza. Kinyongo chote kikamtoka. Akajifunga kanga vizuri, akatoka, akawaomba wageni wampishe mzee wa watu apite, kisha akamwambia binti apumzike, maelezo yaliyobaki ni yake.

"Babu yangu alijifungia humu siku ya ndoa yake," alianza. "Alikuwa amebadili mawazo. Bibi akavuta kigoda, akakaa hapa mlangoni na mchi mapajani, akamngoja. Sasa tazameni wenyewe: kuta nene, na mlango ni mmoja. Kingekuwa na wa pili, sisi tusingezaliwa."