Sofa za Jirani Mbele ya Afisa Ustawi

Wakili wa msaada wa kisheria alimwambia fundi cherehani mpaka akachoka, mwisho akawa anagonga meza kwa kidole.

"Afisa ustawi anakuja kuona mtoto anaishije kwako. Haji kuangalia maonyesho. Usiguse kitu. Umenisikia, baba?"

Fundi alimsikia vizuri sana. Tangu waachane na mkewe, binti yao wa miaka sita alikuwa analala kwa baba kila mwisho wa wiki. Kisha mama mtu akalalamika mahakamani kwamba mwanawe analazwa karakana, katikati ya sindano na pasi. Hakimu akasema afisa aende akaone kwanza. Mpaka hapo, mtoto aje mchana tu, jioni arudi kwa mama yake.

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea ziara hiyo moja. Na fundi, kwa furaha ya kijinga, akamtajia dada yake mkubwa siku ya ziara.

Huyo dada wanamwita Kamanda. Hajawahi kukaa jeshini, ila jeshi lingemfaa.

Asubuhi ya siku yenyewe fundi alitoka kidogo kupeleka sare za shule kwa mteja. Aliporudi, alifungua mlango akadhani kakosea nyumba. Sofa mbili za rangi ya maziwa. Televisheni pana kama dirisha. Kitanda cha watu wazima, bado kimevaa nailoni. Cherehani haipo. Ukuta ambao binti yake alikuwa amejaza wanyama wa chaki ulikuwa unanuka rangi mbichi.

"Dada! Umefanya nini?"

"Nimekuokoa. Vyote vya jirani, usichafue."

"Godoro la mtoto liko wapi? Wanasesere wake? Boksi la vifungo?"

"Yale matambara? Nimeyarundika stoo kwa jirani. Unataka wakuone fukara?"

"Wakili alisema tusiguse kitu!"

"Wakili ana watoto wangapi?" Kamanda akamfunga mdomo hapohapo, kwa swali lisilohusiana na lolote.

Mlango ukagongwa. Afisa ustawi alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye kalamu iliyofungwa uzi shingoni. Alizunguka chumba taratibu.

"Mtoto analala wapi?"

"Hapo," Kamanda akawahi, akionyesha kitanda cha nailoni.

Afisa akakibonyeza. Kikalia kwaruu.

"Na vitu vyake vya kuchezea?"

Kabla fundi hajajibu, jirani akaingia bila hodi, akajitupa kwenye sofa, akawasha televisheni.

"Samahani jamani, mpira umeanza. Endeleeni tu, mimi sipo."

Fundi akamshika afisa mkono, halafu akauachia haraka kwa aibu.

"Mama, naomba twende stoo ya jirani. Nitakuonyesha. Nilimtengenezea kona yake mwenyewe, sindano zote nafungia kwenye bati, pasi naiweka juu ya kabati. Twende, tafadhali."

Wakaenda. Godoro dogo lilikuwa limekunjwa chini ya baiskeli mbovu. Wanasesere wamejaa gunia. Afisa alimtoa mmoja, akamwangalia mshono, akatabasamu kwa huruma ile inayoudhi kuliko matusi.

"Unashona vizuri, fundi."

"Kwa hiyo utaandika?"

"Nitaandika nilichokikuta. Godoro la mtoto liko kwa jirani."

"Lakini si umeelewa!"

"Nimeelewa, baba. Ila kona yenyewe sijaiona. Wala hizo sindano kwenye bati sijaziona."

Hakimu alisoma ripoti, akaahirisha. Ziara nyingine ifanyike, akasema, ikipangwa. Lini? Ikipangwa. Wakili hakumfokea, alivua miwani tu akafikicha macho, na hilo fundi aliliona baya zaidi.

Jumamosi binti alikuja, akaukuta ukuta mweupe.

"Baba, twiga wangu kaenda wapi?"

"Shangazi yako kamfukuza."

Alimpa chaki, wakachora mwingine, shingo imepinda kama bomba. Hawakummaliza. Saa ya kumrudisha mtoto ilifika twiga akiwa bado hana miguu ya nyuma, na binti akalia njia nzima kwamba usiku mmoja tu hauwezi kumuumiza mtu. Fundi alimkabidhi kwa mama yake getini, bila hata salamu ya maana.

Nyumbani alimkuta Kamanda mlangoni, mikono kiunoni.

"Usikate tamaa, mdogo wangu. Nimeshajua tulipokosea."

"Wapi?"

"Kitanda kilikuwa kikubwa mno. Safari hii naazima cha mtoto."